Moshi Mweusi Si Kosa la Oili Chafu

Oili chafu imehukumiwa bila kusikilizwa. Kila moshi mweusi unapopaa juu ya tanuri la kuyeyushia alumini au juu ya boila ya kiwanda kidogo, watu hukubaliana haraka kwamba mafuta yale ni machafu, na mafuta machafu hayana budi kutoa moshi mchafu. Afisa mazingira anaamini hivyo. Jirani aliyeanika nguo anaamini hivyo. Anayeandika habari za uchafuzi wa hewa naye anaandika hivyo, na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hata fundi anayesimama mbele ya tanuri tangu asubuhi anaamini vivyo hivyo, kwa hiyo hajitetei. Kutokana na imani hiyo imezaliwa tiba moja tu: pigeni marufuku, fungeni, hamieni gesi.

Imani hiyo ni potofu, na tiba yake inawaumiza watu wasio na hatia. Moshi mweusi hauzaliwi na oili, unazaliwa na kichomeo. Ukibadilisha namna mafuta yanavyoingia motoni, oili ileile iliyokuwa ikipaka weusi mtaa mzima itaungua kwa mwali wa njano angavu na bomba la moshi litaonekana kama halina kazi.

Ushahidi wa kwanza uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuangalia. Mafuta yanayomwagwa kutoka kwenye injini ya daladala yakipelekwa kwenye tanuri kubwa la saruji, ambako klinka huiva kwa nyuzi joto 1,450 na mwali wenyewe hukaribia nyuzi 2,000, huungua bila kuacha masizi. Viwanda vya saruji katika nchi nyingi vimeyachoma kwa miaka mingi. Kama moshi ungekuwa umejificha ndani ya oili, ungetoka popote inapochomwa. Hautoki. Basi tuache kuichunguza oili, tukichunguze kinachoichoma.

Tazama kichomeo cha kawaida cha mtaani, cha aina utakayoikuta kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Gikomba ya Nairobi. Juu ya kichanja cha vyuma kuna pipa. Chini ya pipa kuna koki, na kutoka kwenye koki linashuka bomba la nusu inchi mpaka kwenye bomba pana la feni. Oili inashuka kwa uzito wake wenyewe, inatambaa kwenye sakafu ya lile bomba pana, kisha inadondoka ndani ya tanuri matone mazito, moja baada ya jingine, wakati upepo wa feni unapita juu yake bila kuigusa sana. Tone linaangukia tofali la moto, linachemka, linapasuka. Sehemu nyepesi inageuka mvuke na kuwaka. Sehemu nzito inabaki juu ya tofali na kuwa donge gumu kama lami, au inarushwa juu ikiwa bado kaboni tupu. Hayo ndiyo masizi. Moto ukionekana kupungua, fundi anafungua koki zaidi, moshi unazidi, tanuri linapoa, naye anafungua tena. Wanaotazama kwa mbali wanasema: mnaona oili chafu ilivyo?

Katika maelezo yote hayo hakuna hata sehemu moja ambapo uchafu wa oili ndio uliosababisha jambo. Weka dizeli safi ya kituo cha mafuta kwenye bomba hilohilo, nayo itakutolea moshi. Mafuta ya taa pia.

Mafuta yakiwa bado kimiminika hayaungui. Kinachoungua ni mvuke wake, na mvuke hutoka kwenye uso wa tone. Hakuna mama anayewasha jiko kwa gogo zima. Hupasua vijiti kwanza, kwa sababu anajua moto hula kutokea nje kwenda ndani. Sasa fanya hesabu. Lita moja ya oili ikidondoka kwa matone ya milimita 3 ni matone kama elfu 70, na ukijumlisha nyuso zake zote unapata meta 2 za mraba, ukubwa wa mkeka mdogo. Lita hiyohiyo ikivunjwa kuwa ukungu wa matone yenye upana wa sehemu 50 za elfu ya milimita, unapata matone karibu bilioni 15, na uso wake unafika meta 120 za mraba, yaani sakafu ya nyumba nzima ya familia. Na muda wa tone kuisha motoni hupungua kwa mraba wa upana wake: tone lenye upana mara 60 zaidi huhitaji muda mara 3,600 zaidi. Tone dogo huisha likiwa bado hewani. Tone kubwa hutoka nje ya mwali kabla ya kumaliza, na tunaliona angani likiwa jeusi.

Upande wa pili wa hesabu ni hewa. Kilo moja ya mafuta huhitaji kilo 14 hivi za hewa, na kwa lita moja ya oili hiyo ni kama meta 10 za ujazo, hewa yote ya chumba kidogo cha kulala. Haitoshi hewa hiyo kuwepo tu, lazima ikutane na mafuta. Feni inayopuliza moja kwa moja hupitisha mto wa hewa pembeni ya mto wa mafuta, kila mmoja ukishika njia yake. Ukiongeza nguvu ya feni bila kuvunja matone na bila kuizungusha hewa, unaupoza mwali tu, na badala ya moshi mweusi unapata moshi mweupe unaowasha macho, ambao ni mvuke wa oili iliyoshindwa kuwaka. Wengi wakiuona huo hufurahi kwamba weusi umeisha. Wamekosea. Fedha bado inapaa angani, imebadilisha rangi tu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya vitabuni. La hasha. Hoja hii ilishalumbaniwa na kushinda zaidi ya miaka 130 iliyopita, katika mazingira yaliyofanana mno na ya kwetu. Mjini Baku, kando ya Bahari ya Kaspi, wasafishaji mafuta wa karne ya 19 walitaka mafuta ya taa tu. Masalia mazito, ambayo Warusi huyaita mazuti, yalionekana uchafu wa kutupwa. Mwaka 1880 mhandisi kijana, Vladimir Shukhov, aliunda nozo iliyotumia mvuke wa maji kuyapasua masalia hayo kuwa ukungu. Uchafu ukageuka nishati ya boila za meli na viwanda. Dmitri Mendeleev, mkemia wa lile jedwali la elementi, aliithamini nozo hiyo kiasi kwamba mwaka 1897 aliweka mchoro wake kwenye jalada la kitabu chake kuhusu viwanda.

Uingereza nako, kampuni ya reli ya Great Eastern ilikuwa na lami iliyobaki kutokana na kutengeneza gesi ya taa za mabehewa, na ilikatazwa kuimwaga mtoni. James Holden, mkuu wa injini wa reli hiyo, hakuomba ruhusa ya kuimwaga mahali pengine. Alitengeneza kichomeo cha mvuke na hewa, na mwaka 1893 injini iliyopewa jina la Petrolea ikatembea kwa taka hiyo. Katazo lilikuwa sahihi, lakini lililoondoa uchafu ni kichomeo.

Kwetu pia mambo haya si mageni. Injini kubwa za Garratt za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester na kuanza kazi mwaka 1955, zilivuta treni nzito kati ya Mombasa na Nairobi kwa kuchoma mafuta mazito. Kila moja ilikuwa na zaidi ya tani 250. Mmoja wa mabingwa hao, Mount Gelai, bado yuko kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Mchochea moto wa injini ya namna hiyo alikuwa akitazama bomba la moshi kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa: weusi ulimwambia hewa ni ndogo au mafuta ni mengi, weupe ukamwambia kinyume chake, na alichokitafuta ni ukungu hafifu wa kijivu. Masizi yakijaa kwenye mirija ya boila, alitupia mchanga kidogo kwenye kisanduku cha moto, upepo ukaufagilia, wingu jeusi likatoka mara moja likaisha. Waafrika walifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, kwa mafuta mazito kuliko oili yoyote ya gereji. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mafuta mazito yanashinda akili ya fundi wa Kiafrika.

Hata hivyo kuna pingamizi moja lenye uzito, nami siwezi kulipita haraka. Linatoka kwa watu waliojaribu kufanya jambo la haki: walinunua kichomeo cha kiwandani kutoka ng'ambo, cha aina inayosukuma mafuta kwa presha ya bar 7 au zaidi kupitia nozo yenye tundu jembamba sana. Kwa dizeli kilifanya kazi vizuri. Walipotia oili chafu, nozo iliziba. Wakaisafisha, ikaziba tena. Vichujio navyo vikawa vinabadilishwa kila kukicha, na mwisho kichomeo kikawekwa stoo, fundi akarudi kwenye pipa na koki akiwa na uhakika sasa kwamba vifaa vizuri si vya watu kama yeye.

Pingamizi hilo ni la kweli kwa nozo ya aina hiyo. Oili iliyotoka kwenye injini ina chembe za chuma, masizi, maji, hata vipande vya gundi ya gasketi, na kuilazimisha ipite kwenye tundu la sehemu ya milimita ni kutafuta ugomvi. Lakini jibu lilikwishapatikana. Mhandisi wa Marekani, Robert Babington, aliyepata hati miliki zake za kwanza za jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960, aligeuza swali. Aliacha kuyapitisha mafuta kwenye tundu, akaipitisha hewa.

Kichomeo chake kinaelezeka kwa maneno machache. Kuna tufe lenye uwazi ndani. Mafuta yanamiminwa juu yake taratibu, yanatiririka pande zote na kulivika tando jembamba sana. Ndani ya tufe kuna hewa iliyoshindiliwa, na kwenye uso wake wa mbele kuna kitundu kidogo mno. Hewa inapochomoka kwenye kitundu hicho inalipasua tando na kulirusha mbele likiwa ukungu mwembamba. Mafuta yasiyorushwa yanateleza mpaka chini, yanaingia kwenye chombo, na pampu inayarudisha juu. Tundu halizibi, kwa sababu kinachopita humo ni hewa tu. Chembe ya chuma ikija na mafuta, inateleza juu ya tufe na kuondoka zake. Mbinu hiyohiyo ilitumika hospitalini kwenye vifaa vya kuvutisha dawa kwa ukungu, na jeshi la Marekani limepikia askari wake kwa vichomeo vilivyotokana nayo.

Ninaposema muundo bora uko ndani ya uwezo wa karakana zetu, nina maana hii. Tufe laweza kuwa kitasa cha shaba cha mlango kilicho wazi ndani. Tundu la robo milimita hutobolewa kwa biti nyembamba za mafundi saa, kazi inayotaka subira kuliko fedha. Hewa ya bar 1 hivi hutolewa na kompresa ya friji bovu, ileile ambayo wapaka rangi wa magari wameitumia miaka nenda rudi. Pampu ya kurudisha mafuta hupatikana kwenye vyuma chakavu, kwenye pampu za oili za injini. Feni iliyopo hubaki palepale, ila mbele yake huwekwa mapanga ya bati yaliyopindwa ili hewa iingie tanurini ikizunguka. Mzunguko huo huvuta sehemu ya gesi ya moto irudi nyuma kuwasha mafuta mapya, na mwali ukashika mahali pamoja badala ya kukimbia. Vichomeo vya kupashia nyumba joto huko Marekani vilienea kwa umbo la namna hiyo baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, na watu waliopima walikuta kaboni dayoksaidi kwenye moshi ikipanda kutoka asilimia 8 hivi hadi karibu 12, dalili kwamba hewa ya ziada imepungua na joto halipotei tena bure.

Oili yenyewe inahitaji heshima kidogo kabla ya kuchomwa. Iachwe itulie kwenye pipa siku kadhaa, maji na tope vitolewe kwa koki ya chini. Ipashwe joto mpaka iwe nyepesi, nyuzi 60 hadi 80, kwa maana oili baridi ya asubuhi ya Njombe si sawa na oili ya mchana wa Dar es Salaam. Iliyochanganyika na petroli iwekwe kando, maana inaweza kulipuka. Na tanuri lipashwe kwanza kwa mkaa au gesi kidogo hadi matofali ya mdomoni yawe mekundu, ndipo oili ifunguliwe. Moshi mwingi unaolalamikiwa hutoka katika dakika za kuwashia, wakati tanuri ni baridi, na dakika hizo ndizo zinazokosa kabisa uangalizi.

Nimeona tofauti yenyewe kwa macho. Mbele ya kichomeo cha ukungu, sauti hubadilika kwanza: badala ya kubwata na kukohoa kwa matone, unasikia mngurumo mmoja usiokatika. Chungu cha alumini, inayoyeyuka kwa nyuzi 660, kinaiva bila kuvaa ganda la masizi nje, na ganda hilo si jambo dogo, kwa kuwa huzuia joto lisiingie chunguni na kumfanya fundi aongeze mafuta zaidi. Ukitazama angani huoni kitu.

Anayepinga atasema: hata kama huoni kitu, kipo. Ni kweli. Oili ya injini ina zinki iliyotiwa kwa makusudi kulinda vyuma, na huchukua metali nyingine inapozunguka ndani ya injini. Mwali, hata uwe mzuri kiasi gani, hauteketezi metali. Hutoka kama vumbi laini. Salfa nayo hutoka. Kwa sababu hiyo bomba refu la moshi, umbali na makazi, na kikusanya vumbi pale kiwanda kinapokua, vyote ni vya lazima, wala kichomeo kizuri hakimpi mtu ruhusa ya kuyeyushia vyuma chini ya dirisha la darasa. Mafuta ya transfoma yasiguswe kabisa: transfoma za zamani zaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo zikichomwa kwenye moto wa chini ya nyuzi 1,100 huzaa sumu mbaya kuliko zenyewe. Na oili chafu isikaribie jiko la kukaangia wala tanuri la mikate ambalo moshi wake unagusa chakula. Mipaka hiyo naikubali yote. Lakini iangalie vizuri: yote inadai moto bora na mahali bora. Hakuna hata mmoja unaotetea pipa na koki, na hakuna unaosema kwamba marufuku itafanya kazi iliyoshindwa kufanywa na kichomeo.

Maana marufuku haimalizi oili. Magari hayaachi kubadilisha oili kwa sababu tanuri limefungwa. Usipoichoma vizuri, inaenda wapi? Tunajua. Inamwagwa mtaroni nyuma ya gereji na mvua ya masika inaipeleka mtoni. Inapakwa kwenye mbao za kumwagia zege, kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, inanyunyiziwa barabara ya vumbi. Nyingine inachujwa kwa kitambaa na kurudi dukani kwenye galoni lenye lebo ya oili mpya, ikaue injini ya mtu. Njia bora kuliko zote ni kuisafisha upya kiwandani iwe oili tena, nami nitaiunga mkono siku kiwanda cha kutosha kitakapokuwepo na gari la kukusanya litakapofika Makambako na Kakamega. Mpaka hapo, kuichoma kwa joto kali na kwa matumizi yenye faida ni bora kuliko kila kinachofanyika sasa.

Kuhusu gesi, sina ugomvi nayo. Palipo na bomba la gesi asilia, kiwanda kiunganishwe. Ila fundi anayeyeyusha vipande vya pistoni kutengeneza sufuria hajafikiwa na bomba, na mtungi wa kupikia hauendeshi tanuri la siku nzima akabaki na faida. Kumwambia ahamie gesi ni kumwambia afunge, kwa maneno ya adabu.

Tulikwisha kuonyesha kwamba tunajua njia nyingine. Miaka ya 1980 Wakenya walipoona mkaa unamaliza misitu na kipato, hawakungoja kila nyumba ipate umeme. Waliubadilisha muundo wa jiko, wakalitia udongo wa kuchoma ndani ya bati, mafundi wa jua kali wakalifyatua kwa mikono yao, na likavuka mpaka kuingia Tanzania na Uganda. Mkaa ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni chombo cha kuuchomea. Kwa nini oili chafu inyimwe akili tuliyoupa mkaa?

Kwa hiyo nawaomba watu wa aina tatu. Taasisi za uhandisi na viwanda, yaani TEMDO kule Arusha, SIDO mikoani na KIRDI Nairobi: chukueni kichomeo cha ukungu kinachotengenezeka kwa vyuma chakavu, kipimeni joto, lita kwa saa na weusi wa moshi, kisha toeni michoro yake kwa Kiswahili, bure, yenye vipimo ambavyo fundi anaweza kuvifuata. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA: ufundi wa kuchoma mafuta ufundishwe kama unavyofundishwa ufundi wa kuchomelea, maana mwanafunzi anamaliza chuo akijua kuunga bomba la mafuta bila kujua kinachopaswa kutokea mwishoni mwa bomba hilo. Na wewe afisa mazingira, utakapofika kwenye tanuri linalotoa moshi ukiwa na kitabu cha faini mkononi, usiulize kwanza pipa lina nini. Inama utazame mafuta yanaingiaje motoni. Yakiwa yanadondoka, mpe fundi mchoro na mwezi mmoja wa kubadilisha. Akishindwa baada ya hapo, mtoze.